Msomaji wa Lubumbashi

Mwaka ule niliamini, kama ninavyoamini leo kwamba chumvi huyeyuka, kwamba huko Lubumbashi, chini ya ofisi kuu ya kampuni, aliishi Mzungu mmoja aliyelipwa kusoma. Hakuwa na kazi nyingine. Kila neno lililotumwa na mashine za migodi yote ya shaba lilimpitia machoni kabla halijafika popote. Hakuruhusiwa kulala. Alilishwa kahawa na mayai mabichi, miguu yake ilitiwa ndani ya beseni la maji baridi, na kope zake, ndugu zangu, zilishikizwa juu kwa vibanio vya nguo. Akisoma neno la kawaida, alimeza mate akaendelea. Akisoma neno lililoandikwa “hatari”, alivuta kamba, na kengele ikalia Ulaya, mezani kwa wakubwa wenyewe, hata kama walikuwa katikati ya supu. Aliyenisimulia habari hiyo ni Ramazani, mwenye lori, mtu ambaye wazee wake walitoka Kasongo na biashara zao, naye aliapa kwamba shemeji yake ndiye aliyepeleka yale mayai. Ningebisha nini? Palipo na mayai pana mlaji.

Nimeikumbuka habari hiyo mwezi huu kwa sababu Tata Kabeya amerudi Kolwezi. Alikuwa mkubwa wangu kazini mwaka ule, na sikuwa nimemwona tangu nilipomwona mgongo ndani ya behewa. Mke wake amefariki kule Mbuji-Mayi, na binti yao Ngalula, ambaye nilimwacha akiwa hajabadilisha meno na leo ana ofisi na gari katika kampuni mojawapo ya hizi mpya, amemleta akae kwake. Nilikwenda kutoa pole. Nilitegemea kumkuta yule mwanamume aliyejaza mlango, maana katika masimulizi yangu huwa analazimika kuingia kwa ubavu. Nikamkuta mzee mdogo amekaa kwenye kiti cha plastiki, sweta mabegani, na joto lote hili.  “Kapend,” akasema, “ungali murefu.” Tukashikana mikono, tukakaa, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kuanzia, nilianza mimi, kwa mdomo wangu huu ambao haujawahi kupewa likizo. Habari za kwetu Kasaji, wazazi, mihogo na mbuzi, hamtazipata humu. Hazina kosa lolote, ila zilibaki Kasaji.

Nilipata kazi kwa cheti cha shule ya jioni. Tulifundishwa kompyuta na padri mmoja mwenye mwandiko mzuri sana, na nasema mwandiko kwa sababu kompyuta yenyewe tulichorewa ubaoni kwa chaki. Nilihitimu wa kwanza katika darasa zima. Tulikuwa tumebaki watatu. Kwa cheti hicho kampuni iliniweka katika chumba cha mashine, karibu na machimbo yanayoitwa Mashamba, na siku nilipokifungua kile chumba nilidhani nimekufa nikapelekwa mahali pazuri. Kolwezi yote ilikuwa jua na vumbi, lakini mle ndani mlikuwa na baridi ya kugandisha kuku, kwa ajili ya mashine tu, si kwa ajili yetu. Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la bibi harusi. Ilinguruma kwa upole, taa zake ndogo zikipepesa, na mbele yake palikuwa na kioo kimoja cha kijani, kiti kimoja cha mbao, na Tata Kabeya katika ndala.

“Vua viatu,” aliniambia, bila hata salamu. “Vumbi ya shaba inakula mashine kuliko panya.”

Kazi ya mashine ile ilikuwa kuangalia pampu zilizonyonya maji shimoni. Shimo la shaba ni kisima kisicho na adabu: unalichimba kwa ajili ya mawe, lenyewe linaleta maji. Ndani ya mashine mlikuwa na programu iliyojua pampu ipi inazunguka, ipi imepata moto, ipi imechoka, na kila jambo lilipotokea programu hiyo ilitoa ujumbe wa mstari mmoja. Nilimwuliza Tata Kabeya ujumbe huo unakwenda kwa nani. Alivuta kiti, akanionyesha kioo kwa ncha ya kalamu.

“Programu ya pampu haipige kelele yenyewe,” alisema. “Haijue muntu, haijue mulango. Iko na neno moja tu, inaipatia karani.”

“Karani gani, Tata?”

“Karani wa mashine. Ni programu ingine, iko ndani mule mule, na kazi yake ni kupokea maneno ya programu zingine. Pampu inasema, niko na moto. Karani anatia saa, anatia jina ya mwenye kusema, anatia uzito: ni habari, ni angalisho, ni kosa, ao ni hatari. Anaandika mu diski, kisha anatuma ku Lubumbashi na laini ya simu.”

“Na Lubumbashi inajibu nini?”

“Hapa hatungojee jibu. Programu inatoa neno, inarudia ku kazi. Ile itasimama kungojea jibu, maji itaifunika na neno yake mu kinywa.”

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu: kwamba kuna Lubumbashi, na kwamba kuna kusoma. Nusu nyingine, ile ya kutongojea, ilinipita juu ya kichwa, na mimi ni mrefu, kwa hiyo ilipita juu sana. Niliuliza tena: je, mtu mwingine akijiita pampu? Alicheka puani. “Karani hana macho. Unamuambia weye ni pampu, anaandika pampu.” Maneno hayo niliyashika vizuri kuliko yote.

Programu ya kwanza niliyoiandika mwenyewe ilikuwa na tabia za mwandishi wake. Pampu ilipokohoa, hatari. Pampu ilipoacha kukohoa, hatari. Umeme ulipopungua kidogo tu, kiasi cha taa kufumba jicho, hatari, hatari, hatari. Niliona si haki kumnyima Msomaji sababu ya kuvuta kamba. Tata Kabeya alikuja asubuhi, akavua viatu, akatazama kioo.

“Kapend, tulikuwa na hatari ngapi?”

“Mingi, Tata.”

“Na pampu ngapi imekufa?”

“Hakuna.”

“Sasa nani eko mu hatari? Ni weye.” Alikaa. “Ukiita moto kila mara mbabula ya makaa inawaka, siku nyumba itawaka, bantu batakuletea sufuria bapike.”

Akanifundisha upya, mstari kwa mstari, jinsi ya kupima uzito wa neno kabla ya kumkabidhi karani. Pampu kuanza kazi ni habari. Pampu kupata joto ni angalisho. Pampu kukataa amri ni kosa. Hatari ni pale tu maji yatakapopanda asipokuja mtu. Basi pampu ya tatu ilipoanza kumwaga maji pembeni kwa sababu mpira wake wa kuzibia ulikuwa umeoza, nilituma hatari moja, safi, ya kweli. Juma halijaisha, mpira mpya ulifika. Ulifika ndani ya lori la Ramazani, umefungwa kwa gazeti, katikati ya magunia ya unga, lakini hilo halikunisumbua. Kengele ililia Ulaya, na Ulaya ilijibu kwa njia iliyokuwapo. Tangu hapo hata malaika wangekuja kunibishia, ningewaonyesha mpira.

Habari zikaenea. Mjue kwamba kwetu Katanga kila mtu amezoea foni, yaani ile redio ya mapadri na wafanyabiashara: unampa mwenye foni maneno yako, anayapaza hewani, na baadaye unapita kuuliza jibu. Mafundi wa pampu waliposikia kwamba nina njia ya kupeleka maneno Lubumbashi, hawakuona tofauti. Walianza kuja mlangoni, viatu mkononi, wengine na mayai mawili matatu ndani ya kofia, nao hawakuleta mambo ya pampu. Mmoja alitaka buti. Mmoja alitaka kumsalimia shangazi yake wa Dilolo, kwa sababu, alisema, maneno yakishafika Lubumbashi hayawezi kushindwa kufika Dilolo. Niliwaandikia wote, kila mmoja kwa jina la pampu yake. Karani hakuuliza kitu.

“Kapend,” Tata Kabeya aliniita siku moja, akiwa amegeukia kioo.

“Tata.”

“Pampu ya ine iko na shangazi ku Dilolo?”

Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

“Inamusalimia. Inasema mutoto ameisha kuota meno.” Akasogeza mstari. “Na pampu ya pili inaomba buti. Pampu ya pili inasema ile ya zamani inamuuma ku kisigino.”

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, akavua miwani, akacheka mpaka akashikilia meza, na katika chumba kile cha baridi kicheko kile kilitoa moshi, naapa. Alipopumua alisema, “Basi andika uzito muzuri. Meno ya mutoto ni habari. Buti ni kosa. Usitie hatari.”

Saa sita alinipeleka kula kwake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, ya matofali, na maisha yote yalikuwa nyuma, uwanjani, chini ya mparachichi. Uwanja ule ulikatwa katikati na kamba ya kuanikia nguo, na haikuwa kamba bali waya ya shaba, nyuzi mbili zilizosokotana, imefungwa kutoka kwenye mparachichi hadi kwenye nguzo ya choo, na imeanza kuota rangi ya kijani. Ilining’inia kwa kimo cha shingo yangu. Kila mchana mkewe, Mama Ngalula, aliponiona naingia na njaa yangu, alipaza sauti kutoka kwenye mbabula: “Inama, Kapend! Utatoka na kaputula ya Tata ku shingo!” Nami niliinama, nikapita kati ya mashuka na nguo za mtoto, nikakaa kwenye mkeka. Alikuwa na mimba iliyokuwa ndiyo kwanza inaonekana. Alipika sombe ya majani ya muhogo na dagaa wakavu wa kutosha mtu kujua wamo, na bukari yake, yaani ugali, ilikuwa laini kiasi kwamba ungeweza kuilalia. Ngalula mdogo alinihesabia matonge kwa sauti ili nione aibu. Sikuona.

Hapo ndipo Ramazani alipokuwa akipita na munkoyo, kinywaji cha mahindi, na masimulizi. Alisimulia habari za Msomaji mbele ya Tata Kabeya mwenyewe, vibanio, beseni na yote, na mimi nilimtazama mkubwa wangu ili athibitishe. Alikuwa anatafuna. Alimeza, akasema, “Ramazani, pitisha pilipili.” Nilichukua hilo kuwa ni kiapo.

Maneno mengine yalianza kwenye mstari wa watu waliongoja unga. Ghala la kampuni lilikuwa linapungua kitu kila mwezi, kwanza mafuta, kisha samaki, kisha sabuni, na watu waliosimama muda mrefu hutafuta wa kumtazama. Nilisikia nyuma yangu:

“Aba Bakasai banarudia kwabo lini?”

“Kwabo wapi? Ule alizaliwa hapa, mu hospitali yetu.”

“Kuzaliwa mu kitanda ya hospitali haiko kuzaliwa mu udongo.”

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri. Sikumfikiria Tata Kabeya. Wazee wake walikuwa wameletwa na reli kutoka Kasai kuchimba, na yeye alijua mitaa ya Kolwezi kuliko nilivyojua mimi mtu wa Kasaji, lakini mimi jina langu lilikuwa la Kilunda, la wenyeji wa Katanga, na ghafla jina lilikuwa na uzito ambao hakuna karani aliyeutia. Katika chumba cha kulia cha wafanyakazi benchi lake lilianza kuwa na nafasi. Yule fundi wa buti alihamia meza nyingine. Wimbo ulipita mitaani, watu wakipunga matawi, na ndani yake Wakasai waliitwa “wadudu”. Alasiri moja mawe yaliangukia mabati ya nyumba za Wakasai, mtaa mzima, kama mtu anayemwaga mahindi. Kesho yake Tata Kabeya alikuja kazini akiwa tayari na ndala miguuni. Alisimama mlangoni mahali tulipozoea kuvulia.

“Leo sina viatu vya kuvua,” alisema, akaingia.

Yeye na familia yake walikuwa wamehamia gare, yaani stesheni ya reli, kama Wakasai wote, wakingojea treni. Acha niieleze gare ile, na hapa ningependa kutia chumvi, lakini chumvi haishiki. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba hukuona reli. Makabati yalisimama nje yakiwa kuta, vitanda vilisimama wima vikiwa milango, na ndani ya vyumba hivyo visivyo na paa watu walisalimiana na kukaribishana kama kawaida. Mama Ngalula alikuwa amekaa juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi, tumbo lake sasa kubwa, mimba ya mwezi wa nane, na alikuwa amefua. Alikuwa ametandaza nguo juu ya reli. “Chuma inakausha mbio kuliko waya,” aliniambia, kana kwamba amepata nafuu. Alinipa bukari. Nilikula. Nakumbuka ilikuwa na mchanga na kwamba nilitafuna bila kusema, na kwamba nilitazama tumbo lake na kujiuliza behewa la kubebea mawe lina kona gani ya kuzalia.

Ramazani ndiye aliyeleta tumaini, akiwa amekaa juu ya tairi, sauti chini. “Nasikia ku Lubumbashi beko naandika karatasi,” alisema. “Bantu benye mashine haiwezi kuenda bila bo, batabaacha babakie. Kazi ni Lubumbashi ijue jina.”

Tata Kabeya alikuwa anamfungia Ngalula kiatu. Hakuinua kichwa. Lakini mimi niliinua changu, kwa sababu katika Kolwezi yote ni nani aliyekuwa na sikio la Lubumbashi kama si mimi?

Asubuhi iliyofuata nilimwambia karani kwamba mimi ni pampu ya tatu. Nilichagua ya tatu kwa kuwa ndiyo iliyowahi kujibiwa. Uzito: hatari. “Tata Kabeya yuko gare na mke mwenye mimba. Bila yeye maji yatapanda. Mwandikieni karatasi abaki.” Karani alitia saa, akatia jina, akapokea. Nilikaa nikitazama simu ya mezani. Siku iliyofuata nilituma tena, na safari hii pampu ya pili na ya nne nazo ziliomba, kwa lugha ya heshima. Kisha nikaanza kuwa mimi. Nilisema maji yamefika magotini. Nilisema yamefika kiunoni mwa mafundi. Nilisema mamba ameonekana shimoni, mkubwa, na kwamba ni Tata Kabeya peke yake anayejua kumfukuza. Yeye mwenyewe alikuwa bado anakuja kazini kutoka gare, anakaa karibu yangu, anatengeneza hili na lile, nami nilikuwa nikingojea atoke kwenda msalani ndipo nitume. Shimo halikuwa na mamba. Lilikuwa na maji ya kijani, yakipanda kidogo kidogo, maana mafundi nao walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Nilijua kupima uzito wa neno, alinifundisha mwenyewe, na kwa kipimo chake hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona: mtu asipokuja, maji yatapanda. Mtu hakuja. Mwishoni nilichoka hata kupamba. Ujumbe wangu wa mwisho ulikuwa, “Tata Kabeya yuko gare.” Basi.

Siku yake ya mwisho kazini aliniomba nimchemshie chai. Niliporudi na kikombe alikuwa mbele ya kioo, anasogeza mistari kwa kidole kimoja, polepole, na aliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akafuta kioo kwa mkono wa shati. “Programu iko muzuri,” alisema. “Usibadilishe kitu.” Akainywa ile chai baridi yote, akaniachia kalamu yake, akatoka na ndala zake. Asubuhi iliyofuata walinzi wa getini hawakumruhusu kuingia, na mmoja wa walinzi hao alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake.

Treni ilikuja mchana, mabehewa ya wazi na mabehewa ya mizigo. Nilikuwa nimebeba viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kitambaa. Lazima kulikuwa na kelele nyingi, kwa watu wote wale, lakini katika kumbukumbu yangu treni ile haina sauti. Nilipanda ili kuwapa viazi. Mlango wa behewa la mizigo ulikuwa na chuma kilichopita juu, na Mama Ngalula, akiwa amekaa chini, mgongo kwenye godoro, mikono juu ya tumbo, aliniona naja. “Inama, Kapend,” alisema. Niliinama. Nikampa viazi, nikainama tena, nikashuka. Tata Kabeya alikuwa amegeukia upande mwingine anapanga masanduku ili yasimwangukie mtu. Wakaondoka kuelekea Tenke, na kutoka huko kwenda Kamina, na kutoka huko sikujua.

Sikulia. Sisemi hivyo ili mniogope. Nilikuwa kama jino lililodungwa sindano: lipo, unaligusa kwa ulimi, si lako. Nilirudi chumba cha mashine, nikavua viatu, nikakaa. Kulikuwa na baridi ileile. Pampu ya tatu ilipokufa kweli nilituma hatari, ya pili ilipokufa nikatuma, na siku umeme ulipokatika na haukurudi, karani naye alinyamaza katikati ya mstari. Nikafunga mlango. Chumba kilipata joto kama vyumba vingine. Nilipata kazi nyingine, nikaoa, nikafungua duka langu la kutoa nakala na kutengeneza printa, ambalo ni duka bora kuliko yote kutoka hapa hadi Atlantiki. Shimo lilijaa likawa ziwa, watoto wakaenda kuvua, na baadaye kampuni nyingine ikalinyonya. Na miaka yote hiyo mimi nilikuwa na adui mmoja tu. Sikuwachukia waliotupa mawe. Nilikutana nao sokoni, tulisalimiana, mmoja ni baba mkwe wa mwanangu. Nilimchukia Msomaji. Alisoma. Vibanio viko kwenye kope, hakuwa na namna ya kutosoma. Alisoma jina la Tata Kabeya, akasoma habari za ile mimba, akameza mate, akaendelea.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Tata Kabeya juzi, nyumbani kwa Ngalula. Niliyasimulia kwa mbwembwe zangu zote, na wajukuu wake walikuja kukaa chini kusikiliza. Nilieleza kahawa na mayai. Nilipofika kwenye mamba walicheka, naye alicheka kidogo pamoja nao. Kisha Ngalula aliwaita watoto wakale, tukabaki wawili, na nilimwuliza kuhusu ile mimba, jambo ambalo mpaka hapo nilikuwa sijathubutu.

“Alizaliwa mbele ya kufika Kamina, mu behewa,” alisema. “Kijana. Tulimuzika pembeni ya reli. Mama aliomba nitie jiwe, nilitia jiwe.”

Feni iligeuka, ikatupulizia, ikageuka upande wa pili.

“Nilituma, Tata,” nilisema. “Kila siku. Yule mtu alisoma akanyamaza. Mpaka leo nikimwona nitamvunja.”

Tata Kabeya aliniangalia kama alivyokuwa akiangalia kioo asubuhi, kuona usiku pampu zimesema nini.

“Kapend, ku Lubumbashi hakukuwa muntu,” alisema. “Ule mupira wa pampu, niliagiza kwa Ramazani, na kinywa. Maneno yako yote ilibakia mu diski mule mule. Mi njo niliisoma, ile siku ya chai. Yote, na ya mamba.”

“Lakini karani alikuwa anatuma. Wewe mwenyewe ulisema. Kwa laini ya simu.”

“Alikuwa anatuma, ndiyo. Karani hajue kama ku mwisho kuko kitu. Laini ilikatwa na bezi benye kuiba shaba, mbele ya weye kuingia kazi. Kipande yenye baliacha, niliikamata, Mama akaanikako nguo. Ulikuwa unainama chini yake kila saa sita.”